Gemu Sita na Eda Moja

Katika zile gemu sita, ya tatu ndiyo yangu. Marehemu mume wangu yake ilikuwa ya nne, na kwa hilo tulibishana miaka, maana alisema mtu anayeipenda ya tatu hajui gemu, anajua kuchota maji.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wakimsikia mama mtu mzima, wa buibui na tasbihi, anazungumza habari za gemu, wanadhani anasimulia ya watoto. Sisimulii ya watoto. Binti yetu mmoja tuliyejaliwa hakuwahi hata kuishika ile pedi ya kuchezea, alisema inamtia usingizi. Tulikuwa tunacheza sisi wawili, mke na mume, kila Ijumaa akitoka msikitini na pilau imeshaliwa, mpaka alasiri inapokaribia. Hapo hapo sebuleni kwetu Dunda, dirisha wazi, anayepita barabarani na asikie.

Mume wangu alikuwa fundi wa friji na feni. Mimi niliishia darasa la saba nikaolewa, na nilipofika miaka thelathini na kitu nikaanza masomo ya jioni pamoja na watu wazima wenzangu, mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Siku niliyochukua matokeo, na Kiingereza ndilo somo nililofanya vizuri kuliko yote, alirudi kazini na mashine ya gemu ndani ya mfuko wa salfeti. Mteja aliileta imekufa feni yake ya ndani, akahama asirudi tena, na mume wangu akampigia simu akaambiwa ichukue tu. Akaifufua. Akaiweka juu ya meza, akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Hii zawadi ya cheti. Yako."

"Mimi nifanye nini na hii?"

"Usome. Humo ndani maneno yote Kiingereza. Mimi nitashika, wewe utasoma."

Ikawa hivyo miaka yote. Vidole vyake, macho yangu. Yeye bila mimi hajui mlango unataka nini, na mimi bila yeye nagonga ukuta kama inzi kwenye kioo. Nilijaribu mara mbili tatu kuishika ile pedi mwenyewe, yule mwanamke wa kwenye gemu akaenda moja kwa moja akatumbukia korongoni. Mume wangu akacheka mpaka akalala chini kwenye mkeka.

Hadithi yenyewe ni moja, imekatwa sehemu sita, kila moja na CD yake. Kuna mwanamke mpima ardhi, kazi yake ni kutafuta miji iliyofutika kwenye ramani. Ana baghala wake, mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, anambebea vyombo. Hana mume, hana ndugu, na hana haraka. Kila mji anaoupata anauchora, na wewe mchezaji ndiye unayemfikisha: upande milima, uvuke mito, usome yaliyoandikwa ukutani upate njia.

Ya kwanza ni ya jangwa. Hiyo siwezi kuisema vizuri wala vibaya, maana ndiyo tuliyojifunzia. Nilikuwa na kamusi mapajani. Neno moja linanichukua dakika tano, na mume wangu amekaa ameshika pedi anasubiri, hasemi kitu. Kwenye masomo ya jioni mwalimu hakunisubiri hivyo.

Ya pili ni ya msituni, na hiyo siipendi. Kuna mahali unafika kwenye hekalu, mlango haufunguki mpaka yule mwanamke ainame mbele ya sanamu. Niliposoma hayo maneno nikamwambia mume wangu, hapa mimi basi. Akasema ni gemu tu. Nikasema hata kama. Tulikaa Ijumaa mbili hatuchezi, tunatazamana. Mwisho nikamuuliza mwalimu wa darsa yetu ya akina mama, nikiona haya, nikasema nauliza kwa niaba ya mtu. Yule bibi akanitazama juu ya miwani.

"Anayeinama nani? Huyo mtu au picha?"

"Picha."

"Na huyo mtu moyoni ana nini?"

"Hana kitu. Anataka mlango ufunguke."

"Basi mwambie afungue mlango wake, aende zake. Na mwambie asiache kuja darsani."

Nikarudi nikasema tuendelee, lakini mimi nikafumba macho mpaka mume wangu aliponiambia tayari. Alinitania kwa hilo mpaka mwisho wa uhai wake.

Sasa ya tatu. Ya tatu ni ya milimani. Unafika kwenye mji ambao haujafa bado, una watu, ila maji yamekatika, na wazee wamebaki na visima vikavu. Kazi yako ni kufuata mfereji wa zamani, jiwe kwa jiwe, mpaka kwenye chemchemi. Hupigani na mtu. Njiani unaokota barua za mafundi waliojenga ule mfereji, wanaandikia wake zao. Hizo barua nilizisoma kwa sauti zote, hata zile ambazo gemu haikudai uzisome. Mume wangu alichoka, akaniambia mafundi hawa wanalalamika sana, wangefanya kazi maji yangeshafika. Lakini maji yalipofika, yakaingia kwenye ule mfereji mkavu, na watu wakatoka na ndoo, niliona ameinua pedi juu kidogo na hakubonyeza kitu. Akatazama tu. Mpaka leo ukiniuliza gemu nzuri ni ipi, nitakwambia ni ile ambayo mwisho wake ni watu wanateka maji.

Ya nne yake ilikuwa ya visiwani, yenye mapigano na mizinga. Aliimaliza mara tatu. Mimi sikuwa na cha kusoma humo, nilikuwa nachagua mchele.

Ya tano walituharibia. Walimrudisha yule mwanamke usichanani, wakamvua nguo nusu, mwanamke mpima ardhi anapanda mlima kifua wazi. Nikamwambia mume wangu hiyo haitachezwa nyumbani kwangu siku ya Ijumaa.

"Basi mtupie khanga."

"Wewe mtupie, si ndiwe uliyemshika."

Akahangaika humo ndani karibu saa nzima peke yake, akapata koti kwenye sanduku la askari, akamvisha. Akaniita jikoni. "Njoo, mwenzio amejistiri." Tuliicheza yote na lile koti, hata jangwani kwenye jua kali.

Na ya sita, ya mwisho, ni ya mji uliozama. Humo yule mwanamke amezeeka. Mvi kichwa kizima, anapumzika akipanda ngazi, na baghala wake ni mwingine, mjukuu wa yule wa kwanza. Ramani ya ile gemu inakusanya nchi zote sita, na inakuruhusu kuandika. Unasimama mahali, unabonyeza, unaandika neno lako, linabaki pale.

Mume wangu hakuwa mtu wa kuandika. Alisoma mpaka darasa la nne. Risiti zake dukani nilizijaza mimi. Katika ndoa yetu yote hajaniandikia barua wala kadi, na ujumbe wake wa simu ulikuwa "niko njiani" na "weka maji". Kumbe alianza kuandika kwenye ile ramani, herufi moja moja, kwa kidole gumba. Niligundua siku moja tumepita karibu na hekalu la msituni, nikaona alama ya karatasi, nikamwambia fungua hii. Ilikuwa imeandikwa: hapa ulifumba macho. Tukaenda mbele, nyingine kwenye chemchemi: hapa ulilia ukasema vitunguu. Nikamuuliza umeandika ngapi. Akasema ni nyingi, mimi nikiwa jikoni yeye yuko huku anaandika.

"Nionyeshe."

"Sikuonyeshi. Utazikuta mwenyewe."

Nilizikuta kama kumi hivi. Nyingine zilikuwa pembe za mbali za ramani ambako hatukuwa na safari nako.

Ijumaa ya mwisho tulibakiza mlango mmoja. Nilishasoma maelezo, nilishaujua unataka nini. Adhana ya alasiri ikaanza, akasimamisha gemu, akasema tuache hapa, wiki ijayo tunamaliza. Jumatano alianguka dukani kwake, mkono bado umeshika bisibisi. Presha. Hakufika hata jioni. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, chumbani, sitoki ila kwa dharura, sizungumzi na wanaume wasio maharimu zangu. Sina neno na eda. Ni amri ya Mungu, na mimi niliishika kwa moyo mmoja, ilinipa nafasi ya kukaa na msiba wangu bila kuulizwa lini nitafungua biashara. Nisemayo hapa hayaihusu eda. Yananihusu mimi.

Siku ya arobaini, hitma ilipokwisha kusomwa na watu kuondoka, ndugu wa mume wangu wakakaa sebuleni kugawa. Tuna binti mmoja, hatuna mtoto wa kiume, kwa hiyo baada ya fungu langu na la binti yangu kinachobaki ni chao, kaka mtu na dada mtu. Ndiyo sheria, na ni haki. Wakaanza na nguo, wakaja kwenye vifaa vya kazi. Mimi niko chumbani, pazia limeshushwa, nasikia kila kitu kikitajwa. Wenzangu wa darsa wanne wamekaa nami juu ya jamvi, na yule mwalimu wetu wa miwani.

Nikasikia shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, anauliza: "Na hii mashine ya gemu ya nani?"

Wifi yangu akaja mpaka kwenye pazia. Yeye ndiye dada yao mkubwa, yuko Zinga, mwanamke wa sauti nzito na maneno ya moja kwa moja. Akaingiza uso. "Wifi, shemeji yako anauliza. Ile mashine ya michezo pale chini ya televisheni ni ya nani?"

Wanawake wote wakanigeukia.

Ilikuwa yangu. Nilipewa mkono kwa mkono, zawadi ya cheti, haimo kabisa kwenye mirathi. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini nilijiona nilivyo: mjane wa siku arobaini, nguo nyeupe, msahafu mbele yangu, halafu niseme ile gemu ni yangu. Niliwazia watakavyotazamana. Niliwazia itakavyosemwa kwenye shughuli, fulani mumewe hajakauka kaburini anagombania gemu.

Nikasema, "Ya marehemu."

Wifi akarudisha uso. Nikasikia nyaya zinachomolewa. Nikasikia shemeji anamwambia dada yake basi ichukue wewe, mkweo huko Zinga ana vijana, wataitumia. Mimi nikaendelea kupitisha tasbihi, na sikumbuki nilikuwa nataja nini.

Binti yangu anafundisha shule Ubena, na siku ile alikuwa nje na wapishi. Aliporudi ndani akaona pale chini ya televisheni peupe, vumbi limebaki mraba. Akanijia.

"Mama, mashine yako imekwenda wapi?"

"Imegawiwa."

"Kwani hukuwaambia?"

Akataka kwenda kuifuata hapo hapo, nikamkatalia. Nikamwambia nikitoka eda nitakwenda mwenyewe. Nilijipa moyo kwamba kitu kilichoandikwa hakiendi popote, kiko mle, kinasubiri. Siku zote zilizobaki nilizihesabu kwa hilo. Mungu anisamehe, kuna usiku nilitakiwa nimwombee mume wangu, na mimi nikawa nawaza pembe ya kaskazini ya ile ramani, kule kwenye barafu, ameandika nini.

Siku nne baada ya kuoga na kutoka eda nikaenda Zinga. Wifi nilimkuta barazani anamenya mihogo.

"Mwone huyu, amenawiri. Eda imekupenda."

"Na wewe mihogo imekupenda, wifi."

"Karibu ukae. Umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

"Nimekuja kuiangalia ile mashine."

"Mashine gani? Ya gemu?" Akaacha kisu. "Unataka kucheza?"

"Nataka kuiangalia tu."

Akanitazama kidogo, kisha akanyanyuka akatafuta ndala zake, tukaenda. Mkwewe, mume wa binti yake, ana kibanda cha gemu jirani na mashine ya kusaga, mabenchi mawili na televisheni tatu, vijana wanacheza mpira. Mashine yangu niliijua kwa mbali, mume wangu aliitoboa tundu ubavuni ipumue. Yule kijana alinipokea kwa heshima, shikamoo mama, pole na msiba, akanipangusia benchi. Nikamwambia humo ndani kulikuwa na gemu ya marehemu, sehemu ya sita, tulikuwa hatujaimaliza. CD yake ilibaki mle mle, aiwashe nione.

"CD itacheza mama, lakini utaanza mwanzo. Nilifuta vyote."

"Vyote vipi?"

"Ilikuwa imejaa. Nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani, iwe nyepesi. Sasa hivi inakwenda vizuri sana." Alikuwa anajivunia kazi yake. "Niliifungua kwanza nikaangalia. Kulikuwa na ramani imeandikwaandikwa kila mahali, maneno hayaeleweki, herufi zimekosewa. Nikajua kuna mtoto aliichezea."

Nikasema, "Sawa, baba." Nilikaa kwenye lile benchi mpaka vijana walipomaliza mpira wao.

Tulirudi na wifi. Tulipofika barazani kwake akasema, "Sasa mbona umekuwa hivyo? Kama uliitaka si ungesema? Nilikuja mimi mwenyewe kwenye pazia nikakuuliza. Ukasema ya marehemu."

"Nilisema."

"Basi kosa langu liko wapi?"

Hakuwa na kosa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningeshapumzika. Kijana alisafisha chombo chake, wifi alichukua fungu lake, shemeji aliuliza kama inavyopaswa. Aliyesema uongo ni mimi, tena ndani ya eda, mbele ya msahafu, kwa kuwaogopa wanawake wanne ambao kesho yake walikuwa wameshasahau.

Nikamweleza wifi. Nikamwambia kaka yako alikuwa ameandika mle. Alikuwa anaandika maneno yake mwenyewe, mambo yake na ya watu wake, kila mahali.

Wifi akakaa chini juu ya ngazi.

"Yeye aliandika?" akasema. "Yule alikuwa hawezi kuandika. Herufi nilimfundisha mimi, kwa kidole, hapo mchangani. Mama amekufa, mimi ndiye nilikuwa namwogesha na kumpeleka shule. Akitoroka namrudisha kwa fimbo." Akafuta mikono kwenye khanga ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Mimi alinitaja?"

Katika zile kumi nilizozisoma hakutajwa. Lakini ziko nyingine nyingi ambazo sikuzifikia. Huenda kule kwenye barafu, huenda jangwani tulikoanzia, alimwandika dada yake aliyemlea. Sijui. Jibu la haki lilikuwa hilo, sijui wifi, huenda alikutaja, na ningemwambia hivyo angekuwa na kitu cha kushika kila anapomkumbuka.

Lakini mimi nilikuwa nimetoka kibandani mikono mitupu. Nikamwambia, "Hapana. Hakukutaja."

Akatikisa kichwa taratibu, akavuta sinia lake, akaendelea na mihogo. Nilikaa naye mpaka adhuhuri, tukaswali pamoja, akanifungia mihogo kwenye mfuko nije nayo Dunda. Kila nikienda Zinga nakusudia kumwambia ile nusu niliyoibakiza, kwamba sikuzisoma zote. Naifikisha mpaka mdomoni. Halafu naona kile kibanda pale jirani na mashine ya kusaga, naimeza tena.